Jinsi ya Kusoma Sumakuumeme na Uhusianifu Chuoni: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Kozi nyingi za fizikia za miaka ya mwanzo chuoni hupangwa hivi: wiki nyingi za umeme, wiki kadhaa za sumaku, halafu mwishoni, mtihani ukiwa mlangoni na watu wameshachoka, mhadhiri anagusia uhusianifu maalumu (nadharia ya Einstein kuhusu anga, wakati na mwendo) kwa mihadhara michache. Mwanafunzi huondoka akiamini amesoma mada mbili zisizojuana.

Kihistoria na kimantiki, hii ni mada moja. Makala ya Albert Einstein ya mwaka 1905 iliyoanzisha uhusianifu maalumu ilikuwa na kichwa kinachohusu elektrodinamiki ya vitu vilivyo katika mwendo, na aya yake ya kwanza inazungumzia sumaku na kipitishi cha umeme. Vyombo vya angani vinavyokaribia kasi ya mwanga havimo katika aya hiyo. Ukisoma sumakuumeme huku ukijua inakoelekea, uhusianifu utaufikia ukiwa na swali ambalo umelibeba kwa wiki kadhaa, na nusu ya ugumu wake itakuwa imeisha. Mwongozo huu umepangwa kwa njia hiyo. Mwisho wake utaweza kuonyesha mwenyewe, kwa kikokotoo cha kawaida, kwamba kani ya sumaku kati ya nyaya mbili inatokana na uhusianifu.

Kabla ya yote: hesabu

Usisubiri umalize kozi nzima ya kalkulasi ndipo uanze. Unahitaji mambo matatu, na yote yanapatikana ndani ya wiki mbili za juhudi.

La kwanza ni kuzidisha vekta kwa njia zote mbili, ile inayotoa namba tupu na ile inayotoa vekta nyingine. Fanya kwa mkono hadi isikusumbue tena. La pili ni maana ya intigrali ya njia na intigrali ya uso. Hapo mwanzo huhitaji ufundi mkubwa. Inatosha kujua kwamba unakata njia au uso vipande vidogo, unauliza uga (athari ya chaji au sumaku iliyosambaa katika nafasi) una kiasi gani katika kila kipande, kisha unajumlisha.

La tatu halisisitizwi vya kutosha madarasani, nalo ni makadirio: ikiwa x ni ndogo sana, (1 + x)ⁿ ni karibu sawa na 1 + nx. Ningeambiwa nichague moja tu kati ya haya matatu, ningechagua hili. Kwa makadirio haya utaonyesha kwamba uga wa chaji mbili kinyume zilizokaribiana hupungua kwa r³ badala ya r² ukiwa mbali nazo. Kwa makadirio hayohayo utaona kwa nini hatuoni athari za uhusianifu tukiwa safarini.

Zile alama za ∇ zitakazokuja baadaye usiziogope. ∇·E inauliza: uga unachipuka kiasi gani kutoka nukta hii? ∇×E inauliza: uga unajizungusha kiasi gani kwenye nukta hii? Shika maswali hayo mawili kwanza, kanuni za kuyahesabu zifuate.

Hatua ya 1: Tenganisha vitu vinne vinavyofanana

Sheria ya Coulomb, F = kq₁q₂/r², wengi wanaikumbuka toka sekondari. Kinachowaangusha chuoni ni kuchanganya vitu vinne: kani, uga, nishati tuli na potenshali. Chora jedwali la mistari miwili katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Mstari wa juu: kani F (nyutoni) na uga E (nyutoni kwa kulombi). Mstari wa chini: nishati tuli U (juli) na potenshali V (volti). Kutoka uga kwenda kani unazidisha kwa q. Kutoka potenshali kwenda nishati unazidisha kwa q vilevile. Vya juu ni vekta, vya chini ni namba tupu. Kila swali la wiki tano za kwanza linakaa mahali fulani ndani ya jedwali hilo, kwa hiyo jizoeze kusema uko kwenye kisanduku kipi kabla ya kuandika kanuni yoyote.

Kwa kuona uga kwa macho, Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kinatoa bure programu za maonyesho zinazoitwa PhET. Nyingi unaweza kuzipakua kwenye maktaba yenye intaneti na kuzitumia nyumbani bila bando. Weka chaji mbili, sogeza moja, tazama mishale inavyogeuka. Kisha zima kompyuta uchore picha hiyohiyo kwa penseli bila kuangalia.

Hatua ya 2: Sheria ya Gauss, polepole

Hapa kaa muda mrefu kuliko kozi inavyokuruhusu. Sheria inasema jumla ya uga unaopenya kutoka uso uliofungika ni sawa na chaji iliyomo ndani ikigawanywa kwa ε₀, namba isiyobadilika ya umeme katika ombwe. Ni sentensi fupi, na wengi huikariri siku ileile. Ugumu uko katika kuitumia.

Chukua tufe lenye chaji iliyosambaa sawasawa, nusu kipenyo R. Unataka uga kwa umbali r. Unachora tufe la kufikirika lenye nusu kipenyo r, kisha unaitoa E nje ya intigrali na kubaki na E × 4πr². Simama hapo. Una ruhusa gani ya kuitoa E nje? Andika sababu kwa sentensi kamili: kwa kuwa tufe linaonekana vilevile ukiligeuza upande wowote, E lazima ielekee nje moja kwa moja na iwe na ukubwa uleule kila mahali kwenye uso huu. Hiyo ndiyo hoja, mengine ni kugawanya tu. Ukimaliza utapata kwamba ndani ya tufe uga unakua kadiri r inavyokua, na nje unapungua kwa r². Chora grafu yake na uhakikishe vipande viwili vinakutana pale r = R.

Mwanafunzi asiyeandika sentensi ile huja siku ya mtihani, akapewa fimbo fupi yenye chaji, akachora silinda na kuitoa E nje kama alivyozoea. Jibu lake ni kosa, kwa sababu karibu na ncha za fimbo uga haulingani na ule wa katikati. Sheria yenyewe ni kweli hata kwa fimbo hiyo, lakini haikusaidii kupata E. Maumbo ambayo Gauss hukurahisishia ni machache: tufe, silinda au waya mrefu usio na mwisho, na bapa lisilo na mwisho. Kwingine rudi kwa Coulomb na ujumlishe vipande.

Kuhusu mikondo, vikinzani na kapasita sitasema mengi. Sehemu hiyo inafundishwa vizuri na vitabu vingi, na mazoezi yake yanatosha.

Hatua ya 3: Sumaku, na swali la pembezoni

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Copenhagen aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye mkondo. Kutoka hapo kozi inakuletea F = qv × B: chaji inayokwenda ndani ya uga wa sumaku inasukumwa kwa pembe mraba na mwendo wake.

Kwanza jambo dogo la mtihani. Kanuni ya mkono wa kulia hutumia mkono wa kulia, na mkono huo kwa wengi ndio ulioshika kalamu. Katika haraka watu hutumia wa kushoto na kupata mwelekeo kinyume. Weka kalamu chini kila mara.

Sasa jambo kubwa. Tazama ile v katika kanuni. Ni kasi kwa mtazamo wa nani? Andika swali hilo pembezoni mwa daftari kwa wino wa rangi nyingine. Ukikimbia sambamba na chaji kwa kasi ileile, kwako chaji imetulia, v ni sifuri, kwa hiyo kani ya sumaku ni sifuri. Lakini chaji bado inapinda njia, na aliyesimama pembeni anaiona ikipinda. Kama kwako haisukumwi na sumaku, inasukumwa na nini? Usitafute jibu sasa. Songa mbele nalo.

Angalia pia vizio: gawanya E kwa B, volti kwa mita ukigawa kwa tesla. Kinachobaki ni mita kwa sekunde. Uga mmoja ukigawanywa kwa mwingine unatoa kasi, na huo ni udugu wa karibu.

Hatua ya 4: Koili mezani

Jaribio hili lifanye kwa mikono yako hata kama maabara ya chuo italirudia. Nenda kwa fundi wa kusuka mota umwombe mita kadhaa za waya mwembamba wa shaba wenye vanishi. Zungushia kwenye kipande cha bomba la plastiki, mizunguko mia mbili au tatu. Kwangua vanishi kwenye ncha zote mbili kwa msasa, la sivyo hutapata kitu. Unganisha na multimita kwenye kipimo cha milivolti. Ya mshale ni bora zaidi kwa sababu unaona ukicheza. Sumaku toa kwenye spika chakavu.

Sogeza sumaku haraka kuelekea mdomo wa bomba. Mshale unaruka. Iache itulie, mshale unarudi sifuri hata kama sumaku iko karibu kabisa. Ivute nyuma, mshale unaruka upande wa pili. Hii ndiyo sheria ya Faraday ya mwaka 1831, pamoja na alama ya kutoa ya Lenz: umeme unaozaliwa unapinga badiliko lililouzaa. Ukiijua kwa mkono hutaisahau alama hiyo.

Kisha shikilia sumaku isitikisike na usogeze koili kwa kasi ileile. Mshale unaruka vilevile.

Fungua kitabu uone kinavyoeleza. Koili ikisogea, elektroni zilizo ndani ya waya zina kasi, kwa hiyo zinasukumwa na qv × B. Sumaku ikisogea, elektroni zimetulia, kwa hiyo kitabu kinaleta maelezo mengine kabisa: uga wa sumaku unaobadilika unazaa uga wa umeme, nao ndio unaosukuma. Maelezo mawili tofauti, namba moja. Einstein aliona kwamba hali hiyo haiwezi kuwa bahati tu. Kinachohesabika ni mwendo wa kimoja kwa kulinganisha na kingine. Hapo ndipo makala ya 1905 inapoanzia, na wewe umefika ukiwa na waya wa fundi mota.

Hatua ya 5: Milinganyo minne, kisha namba moja

Sheria ya Ampère, inayosema kwamba mkondo huzaa uga wa sumaku unaouzunguka, ina pengo. Fikiria kapasita inayochajiwa: mkondo unapita kwenye waya, lakini kati ya bamba zake hakuna mkondo. Ukichora uso unaokatwa na waya unapata jibu moja, ukichora uso mwingine wenye ukingo uleule unaopita kati ya bamba unapata sifuri. James Clerk Maxwell aliliziba pengo hilo: uga wa umeme unaobadilika nao huzaa uga wa sumaku. Swali la nyuso mbili hutokea mara kwa mara kwenye mitihani, kwa hiyo lifanye hadi uweze kumweleza mwenzako bila daftari.

Sasa milinganyo inajitegemea. Badiliko la E linazaa B, badiliko la B linazaa E, na mawimbi yanasafiri hata katika ombwe. Kasi yake ni 1/√(μ₀ε₀), μ₀ ikiwa namba ya sumaku iliyo mwenza wa ε₀. Usiamini tu, chukua kikokotoo. ε₀ ni 8.854 × 10⁻¹² na μ₀ ni 1.2566 × 10⁻⁶. Zidisha: 1.1126 × 10⁻¹⁷. Kipeuo chake cha pili: 3.336 × 10⁻⁹. Pindua: 2.998 × 10⁸ mita kwa sekunde. Umeanza na vipimo vya chaji na koili, umeishia kwenye kasi ya mwanga. Hakuna ukurasa katika kozi nzima ninaoupenda kama huu. Wilhelm Weber na Rudolf Kohlrausch walikuwa wamepima uwiano huo mwaka 1856, Maxwell akatambua maana yake na kutangaza kwamba mwanga ni wimbi la sumakuumeme. Heinrich Hertz aliyathibitisha mawimbi hayo maabarani mwishoni mwa miaka ya 1880. Namna tunavyoiandika milinganyo hii leo, minne na yenye vekta, ni kazi ya Oliver Heaviside.

Rudi pembezoni mwa daftari na uliza tena: hiyo kasi ni kwa mtazamo wa nani? Milinganyo haisemi. Wanasayansi wa wakati ule walidhani ni kwa mtazamo wa etha, kitu kilichojaza anga yote. Albert Michelson na Edward Morley walipima huko Cleveland mwaka 1887 wakitafuta dalili za mwendo wa dunia ndani ya etha, wasizipate.

Hatua ya 6: Uhusianifu, anza na tukio

Kanuni za msingi ni mbili: sheria za fizikia ni zilezile kwa kila mtazamaji anayekwenda kwa mwendo usiobadilika, na kasi ya mwanga katika ombwe ni ileile kwa wote. Ya pili ndiyo jibu la swali ulilobeba: kwa mtazamo wa yeyote.

Kosa la kawaida ni kukimbilia γ = 1/√(1 − v²/c²) (c ni kasi ya mwanga) na kuanza kuizidisha na kila kitu. Fanya hivi badala yake. Kwa kila swali, orodhesha matukio. Tukio ni kitu kinachotokea mahali fulani wakati fulani: taa imewaka, chembe imezaliwa, chembe imefika ardhini. Kisha chora mchoro wa anga na wakati, x ikilala na ct ikisimama, mwanga ukipanda kwa nyuzi 45. Weka matukio kama nukta. Anza na maswali ya matukio yanayotokea pamoja, kwa sababu mafumbo karibu yote ya uhusianifu, pamoja na lile la nguzo ndefu inayopita kwenye ghala fupi, yanatatuliwa ukikubali kwamba matukio yaliyotokea pamoja kwa mmoja hayakutokea pamoja kwa mwingine.

Ndipo uulize: kuna saa gani moja iliyokuwepo kwenye matukio yote mawili? Muda wa saa hiyo ndio mfupi kuliko wote, na wengine wanapata muda huo mara γ. Mfano mzuri ni myuoni, chembe zinazozaliwa juu angani miale ya anga za juu inapogonga hewa. Kwa saa yake yenyewe myuoni huishi kwa wastani maikrosekunde 2.2, muda unaotosha kwenda takriban mita 660 tu hata kwa kasi ya mwanga. Kwa kasi ya 0.998c, γ ni karibu 15.8, na sisi tunaiona ikisafiri wastani wa kilomita 10 hivi. Ndiyo maana zinafika ardhini. Lifanye swali hili mara mbili: mara ya kwanza kwa mtazamo wa ardhi, ambako muda umerefuka, na mara ya pili kwa mtazamo wa myuoni, ambako hewa imefupika. Majibu yasipokubaliana, umekosea matukio.

Hatua ya 7: Hesabu inayounganisha vyote

Treni ikienda kilomita 160 kwa saa, kasi ya treni za SGR za Tanzania, saa iliyomo ndani itachelewa sekunde moja baada ya karibu miaka milioni 2.9 ya kutembea bila kusimama. Kwa hiyo watu husema uhusianifu ni wa vitu vyenye kasi kubwa mno. Sasa pima elektroni kwenye waya wa shaba wa milimita moja ya mraba wenye mkondo wa ampea 1. Shaba ina elektroni huru takriban 8.5 × 10²⁸ katika kila mita ya ujazo, na ukigawanya utapata zinasogea milimita 0.07 tu kwa sekunde. Polepole kuliko konokono.

Weka nyaya mbili za aina hiyo sambamba, mita moja kati yake, mikondo ikienda upande mmoja. Zinavutana kwa nyutoni 2 × 10⁻⁷ kwa kila mita, na hilo ni swali la kawaida la kitabu. Lihesabu kwa njia nyingine. Kila mita ya waya ina kulombi 13,600 za elektroni. Kama elektroni hizo zingekuwa peke yake bila chaji chanya za shaba kuzisawazisha, nyaya zingesukumana kwa takriban nyutoni 3.3 × 10¹⁸ kwa mita. Sasa v²/c² kwa elektroni hizo ni karibu 6 × 10⁻²⁶. Zidisha hizo mbili: 2 × 10⁻⁷. Ni namba ileile.

Maelezo yake ni haya. Panda juu ya elektroni inayosogea. Kwako elektroni za waya wa pili zimetulia na chaji chanya ndizo zinazorudi nyuma, kwa hiyo nafasi kati ya chaji chanya imefupika na kati ya elektroni imerefuka. Waya uliokuwa hauna chaji kwa aliyesimama sasa una chaji chanya kidogo, nao unakuvuta kwa umeme wa kawaida wa Coulomb. Kile ambacho aliyesimama anakiita sumaku, wewe unakiita umeme. Kani ya umeme ni kubwa kiasi kwamba hata sehemu yake ndogo namna hiyo inatosha kuzungusha mota.

Ratiba na mtihani

Kwa muhula wa wiki 15, wiki 2 za hesabu zianze kabla ya mihadhara ukiweza. Hatua ya 1 na 2 zipe wiki 5, sumaku na koili wiki 4, Maxwell wiki 2, uhusianifu wiki 3. Iliyobaki ni ya marudio.

Kila mhadhara ufuatwe na maswali matatu siku ileile, kabla ya kulala. Madesa ya waliotangulia yatumie kukagua jibu baada ya kuhangaika, kwa sababu suluhisho lililosomwa huonekana rahisi hata kwa asiyeweza kulianza. Diskasheni ziwe za watu watatu au wanne, na kila mmoja aeleze hoja ubaoni kwa Kiswahili kama ndiyo lugha mnayofikiria kwayo, kisha aiandike kwa Kiingereza kama ndicho cha mtihani. Anayekwama katikati ya maelezo ameonyesha pa kusoma usiku huo.

Mitihani ya miaka iliyopita ianze wiki ya nane, kwa saa, bila daftari. Ukifika chumbani siku yenyewe, kila swali lianze na mchoro, halafu herufi, halafu namba mwishoni kabisa. Kabla ya kugeuza ukurasa kagua vizio, kisha upeleke jibu mahali unapolijua: v ikiwa ndogo sana, je, linarudi kuwa la Newton? Ukienda mbali na chaji, je, uga unakufa? Kagua hivyo hata kama muda umebana, na jibu lisipopita usilifute lote: andika karibu nalo kwamba kizio hakilingani na unadhani kosa liko wapi, halafu endelea na swali linalofuata.